Peugeot 504 ya mzee imeliwa na kutu sakafuni: naweza kuitengeneza mwenyewe uani?

Seremala wa Chumbageni (Tanga)

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za leo.

Nina Peugeot 504 ya mwaka 1976, ile ndefu yenye safu tatu za viti, gia ya usukani. Gari ni ya baba yangu. Alibeba abiria kati ya Tanga na Horohoro kwa miaka mingi, halafu mwanzoni mwa miaka ya 1990 akaacha abiria, akawa anapakia samaki kwenye soko la Deep Sea hapa Tanga na kuwapeleka Muheza na Korogwe. Mwaka 2011 macho yalipoanza kumsumbua akaiegesha chini ya mwembe uani, na ipo hapo mpaka leo. Injini haina neno. Mwezi uliopita nilinunua betri, nikasafisha kabureta, ikawaka. Mzee aliisikia akiwa chumbani, akatoka bila viatu.

Tatizo ni bodi. Wiki iliyopita nilikaa kwenye usukani nikakanyaga klachi, kisigino kikatoboa sakafu na kugusa majani makavu ya mwembe. Nilipoinua mkeka wa mpira nikakuta upande wa dereva kuna tobo la ukubwa wa sahani, na upande wa abiria bati linabonyea kama biskuti iliyoloa chai. Kile kizingiti kirefu cha chini ya milango, upande wa kushoto, rangi imefanya malengelenge, na nikisukuma bisibisi inaingia hadi kwenye mpini. Cha kulia kina madoa machache tu. Madigadi ya nyuma yameliwa pembezoni mwa tairi. Milango miwili imeoza ukingo wa chini. Paa ni zima, boneti ni zima.

Fundi wa kwanza niliyemwita alitaja laki tisa na siku nne: atapiga brashi ya waya, ataweka faiba na puti (ule uji mzito wa kujazia mabonde), apulize rangi. Wa pili alisema nipime kilo niuze chuma chakavu. Sikulala vizuri siku hiyo.

Mimi ni seremala, kupima na kukata nimezoea, lakini bati silijui. Ninayo grainda, dirili, na mashine ya kuchomelea ya vijiti, ya ampia 200, ninayotumia kwa mageti. Naomba kujua kama kazi hii inawezekana nyumbani, nianzie wapi, na kama mashine yangu inafaa. Sina haraka. Ninachotaka ni mzee apande tena aende Pangani kuwaona ndugu zake, na sakafu isimwachie njiani.

Dereva wa Lushoto

Pole ndugu. Usijitese sana. Mimi nina Land Rover 109 huku milimani tangu 1989 na ukungu wetu unaujua. Kila mwaka kabla ya masika napiga brashi ya waya chini, napaka redi oksaidi, halafu napulizia oili chafu chesisi nzima. Haijatoboka hata siku moja. Kwenye matobo yako weka bati juu, funga kwa ribiti, paka lami, endelea na safari. Na ukienda kwa fundi yeyote, nenda na sumaku. Isiposhika, hapo ni puti.

Fundi Mstaafu (Makadara, Mombasa)

Marahaba mwanangu. Nimenyoosha bodi hapa Mombasa tangu 1973 hadi magoti yalipokataa kuingia chini ya gari, na hakuna gari lililopita mikononi mwangu mara nyingi kama 504. Inawezekana nyumbani. Nitakwambia ninavyojua, kwa urefu, kwa sababu kazi hii ikianzwa vibaya haitengenezeki.

Wewe ni seremala, basi sikiliza kwa lugha ya mbao. Ukiona mchwa ametoboa rangi ya fremu ya mlango, je, unapaka rangi nyingine juu yake? Ubao wa ndani umekwisha zamani, na hilo tobo ni pale alipokosa cha kula akatokeza nje. Kutu ya gari ni hivyo hivyo. Malengelenge unayoyaona kwenye kizingiti hayakuanzia kwenye rangi. Yameanzia ndani ya lile boksi, kati ya bati la nje na la ndani, mahali ambapo kiwanda hakikufikisha rangi ya kutosha na mkono wako haufiki. Ndiyo maana kazi ya siku nne haina maana: atakuwa amekiziba kidonda na usaha ndani.

Neno uliloliandika kwa kupita, la samaki, ndilo kubwa kuliko yote. Maji ya barafu ya samaki yana chumvi. Yanapita chini ya mkeka, yanaingia kwenye mishono ambapo bati mbili zimelaliana, yanatulia. Maji yakikauka chumvi inabaki, na chumvi inavuta unyevu wa hewa. Hata ungeliweka gari ndani ya nyumba miaka yote hii, ile chumvi ingekunywa unyevu wa Tanga kila usiku na kuendelea kula. Na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, mara kadhaa, kwa hiyo ikijazana kwenye mshono inazisukuma bati mbili hadi pointi za kiwandani, zile nukta zilizochomelewa, zinaachia. Ukipitisha kidole kwenye mshono wa sakafu na kizingiti utausikia umevimba.

Kwa hiyo usianze na grainda. Anza na maji baridi ya bomba. Ondoa viti vyote, mikeka, mazulia, mbao za pembeni za milango. Kwangua lami ya chini kwa kikwaruo. Osha ndani ya sakafu, ndani ya vizingiti kupitia matundu yake, ndani ya milango. Rudia kwa siku tatu au nne, kisha fungua milango yote gari likauke juani wiki nzima. Ukichomelea bati jipya juu ya chumvi ya mwaka 1992, unampelekea mchwa ubao mpya.

Wakati unaosha, tafuta maji yanakotoka. Chini ya kioo cha mbele, penye matundu ya kuingizia hewa, chomoa majani ya mwembe yote. Yakiziba, maji ya mvua hayapati njia ila kushuka miguuni mwa dereva. Milango ina vitundu vya kutolea maji kwenye ukingo wa chini. Nakuhakikishia vimeziba, na ndiyo sababu milango imeoza pale pale. Mpira wa kioo cha mbele ukiwa umekauka na kupasuka, badilisha. Mtu anayepiga kiraka bila kuziba mvujo atapiga tena kiraka.

Sasa hatari yenyewe. 504 haina chesisi kama Land Rover ya ndugu yetu wa Lushoto. Bodi ndiyo chesisi, na vizingiti viwili ndiyo mihimili. Mwaka 1981 nililetewa 504 ndefu kama yako, mteja ana harusi Malindi, ana haraka. Nililiinua kwa jeki mbili katikati, nikakata vizingiti vyote viwili siku moja, nikatia vipya. Nilipofunga mlango wa nyuma haukuingia. Pengo la juu limefunguka nusu kidole, la chini limebana mpaka chuma kinasagana. Mbele na nyuma zilikuwa zimelalia chini na mimi nimechomelea gari likiwa limepinda. Ile ndefu ina mita 2.90 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, wakati salun, ile fupi ya kawaida, ina 2.74, na hizo sentimita 16 zinaongeza uzito wa kuivuta. Nililikata upya, wiki tatu, kwa mfuko wangu. Harusi ilikwenda kwa basi.

Usirudie kosa hilo. Laza gari sawasawa kwa kutumia pima maji, likae juu ya stendi imara chini ya ekseli ya nyuma na chini ya mihimili inayobeba sasipensheni (springi na shokapu) ya mbele, uzito ukae pale unapokaa siku zote. Milango ikiwa imefungwa, pima mapengo yake yote, andika kwenye karatasi. Halafu toa milango ya upande utakaoshughulikia, chukua skwea paipu ya inchi moja, ichomelee ukingo kwa ukingo ndani ya kila uwazi wa mlango, moja ya kulala na moja ya mshazari. Ndipo ukate, upande mmoja tu. Kila unapomaliza kipande rudisha mlango upime pengo. Upande wa pili usiuguse mpaka wa kwanza umekwisha kabisa.

Bati: nunua shiti nyeusi ya geji 20, ni kama milimita 0.9, inakaribiana na ya gari. Kwa mihimili ya ndani chukua geji 18. Usitumie bati la kuezekea. Kiolezo kata kwenye kadibodi, ukijaribu mpaka ikae bila kulazimisha, kisha hamishia kwenye bati. Hapo wewe utatushinda mafundi wengi. Kukunja pembe, banisha bati kati ya vyuma viwili vya L na upige kwa nyundo ya mti polepole kutoka mwisho hadi mwisho, si sehemu moja. Mbonyeo wa madigadi unaupata kwenye mfuko wa turubai uliojaa mchanga. Cha kulia kikiwa kizima, ndicho kiwe mwalimu wa kushoto, ila ukumbuke kugeuza kiolezo.

Kata kutu hadi ufike kwenye chuma kinachong'aa, kisha ongeza sentimita 2 au 3 kwa nje. Chuma kilichoachwa chembamba hakipokei moto, kinayeyuka tu, nawe utalikimbiza tobo mpaka kesho. Kingo zikutane, zisilaliane, kila mahali.

Mashine yako ya vijiti iache kwa mageti. Hata kwa kijiti cha milimita 2 na ampia 40 utatoboa bati la 0.9 mara tisa katika kumi. Zamani tulichomelea kwa gesi, na kwa mkono mwema mshono wake ni laini na unapigika kwa nyundo, lakini joto lake ni pana na kujifunza kwake ni miaka. Azima au kodi mashine ya MIG, inayosukuma waya, waya wa milimita 0.6 au 0.8. Piga nukta moja, ruka mbali, piga nyingine, sentimita 3 hivi kati yake, zunguka kiraka chote, halafu rudi kujaza katikati ya nukta mbili mbili. Shika kwa mkono: kama huwezi kuacha kiganja pale, ngoja. Bati likipata joto upande mmoja linatanuka na halina pa kwenda, linainuka. Likipoa linasinyaa na kuacha wimbi lisilotoka. Subira ndiyo chombo kikuu hapa, na wewe umesema huna haraka, kwa hiyo unacho tayari.

Ndugu wa Lushoto, sikukatai kwa dharau. Land Rover yako bodi ni aluminiamu, na chesisi yake ni chuma kinene, zaidi ya mara mbili ya bati la 504, ndiyo maana brashi na rangi vinakutosha. Kwake yeye ribiti na lami vitafunika shimo wakati muhimili unaendelea kuliwa. Na oili chafu naomba asiipake sasa hivi kabisa: rangi haishiki juu yake, inalainisha mipira ya sasipensheni, na cheche ikiiangukia inawaka.

Mchomeleaji wa Kigamboni (Dar es Salaam)

Shikamoo baba wa Makadara. Umesema yote, mimi naongezea ya mkono wangu, maana ninachomelea kila siku na nilianza kwa mabodi ya daladala.

Kaka wa Chumbageni, kabla ya bati lolote: tangi la petroli litoke gari zima, si kufungwa kitambaa. Ondoa betri na alteneta. Paipu za breki na za petroli zinazopita chini ya sakafu, zichomoe au zisogeze mbali. Weka ndoo ya maji, ndoo ya mchanga, na mtu upande wa pili wa bati, kwa sababu unapochomelea chini, moto unaanza juu usipopaona, kwenye sponji au lami iliyobaki. Mimi nilishauzima moto wa ndani ya mlango kwa chai. Ukimaliza kazi ya siku, usiondoke. Kaa nusu saa unusenuse.

Kuhusu bati la kuezekea baba amelikataza bila kueleza. Lina zinki. Ukilichomelea unapata moshi mweupe, na jioni unatetemeka kama una malaria, homa, kifua kinabana. Watu watakwambia unywe maziwa. Maziwa hayazuii kitu. Hewa safi na kutoivuta ile moshi ndiyo dawa.

Upepo: Tanga kusi inavuma sana. Mashine ya MIG ya gesi inafunika chuma kinachoyeyuka kwa gesi, na upepo wa bahari unaipuliza, mshono unatoka na vitundu kama mkate wa kumimina. Tundika turubai pande mbili. Ukikosa mtungi wa gesi upo waya wenye unga ndani usiohitaji gesi, lakini ncha mbili za mashine zinabadilishwa, chanya na hasi, na unawaka moto zaidi, kwa hiyo kwa bati jembamba si chaguo langu la kwanza.

Sasa nitofautiane kidogo na baba kwa heshima. Kukutanisha kingo nakubali kwenye madigadi na popote panapoonekana au palipo na mzigo wa muhimili. Kwenye sakafu iliyo bapa, kwa mtu ambaye hajawahi kuchomelea bati, mimi ningemwambia alalishe bati jipya juu ya la zamani kwa sentimita mbili. Pengo likizidi unene wa waya anaanza kutoboa, anakata tamaa. Akilalisha, apake praima ya zinki katikati ya bati mbili kabla ya kuchomelea, halafu sila (dawa ya kuziba mishono) juu na chini. Ataharibu kidogo sana.

Na kabla ya gari, fanya mazoezi kwenye vipande vya shiti ile ile siku mbili tatu. Kunja kipande baada ya kukichomelea: kikivunjika kwenye mshono, punguza mwendo au ongeza moto, kikipinda bila kuachia, umefika.

Fundi Mstaafu (Makadara, Mombasa)

Binti wa Kigamboni amesema kweli, nami narudi nyuma kwenye sakafu. Nilisahau kwamba anayeanza haoni anachokiona mtu wa miaka arobaini. Sakafu alalishe, ila ukingo wa bati lililo chini uelekee nyuma ya gari, ili maji yanayorushwa na tairi yapite juu ya mshono badala ya kuingia ndani yake.

Niliishia kabla ya rangi, na rangi ndiyo inayoamua kama kazi itaishi. Chuma ulichokichubua asubuhi Pwani, magharibi kimeshashika rangi ya chungwa. Usichubue zaidi ya unachoweza kukipaka praima siku hiyo hiyo. Mahali kutu imebaki kwenye vinyweleo, paka asidi ya fosforiki, inaigeuza kuwa ganda jeusi la fosfeti. Isuuze kama chupa inavyosema, ikauke kabisa. Kisha praima ya epoksi, mikono miwili. Redi oksaidi ni rangi nzuri ya geti, lakini peke yake inapitisha unyevu. Sila kwenye kila mshono juu ya epoksi, halafu rangi. Anza saa tatu umande ukishakauka na umalize kabla ya alasiri.

Puti siikatai, ina kazi yake: kulainisha wimbi dogo nje, milimita 2, mwisho 3, juu ya epoksi. Ndani yake mna unga unaonyonya maji, ndiyo maana ikiwekwa juu ya tobo inafanya kazi ya sponji.

Mwisho kabisa ndani ya vizingiti: nta. Yeyusha nta ya nyuki ndani ya chombo kilichokaa kwenye maji ya moto, si juu ya moto wenyewe, changanya na oili safi mpaka iwe kama uji mwepesi, ipulizie ikiwa ya moto kwa kompresa na mrija mrefu, siku ya jua kali ili itambae ndani ya mishono. Usizibe vitundu vya kutolea maji. Zamani nilitumia hii kwenye gari zilizokuwa zikivuka na feri ya Likoni kila siku na zilikaa.

Mpenzi wa Safari (Nairobi)

Naongeza moja tu. Madigadi ya mbele ya 504 yamefungwa kwa bolti, kwa hiyo hayo usiyachomelee hata kidogo. Ukikosa ya kutengeneza tafuta mengine. 504 ziliunganishwa Kenya miaka mingi, na Kaduna kule Nigeria ziliendelea hadi miaka ya 2000, kwa hiyo vipande vya bodi bado vinazunguka barani. Uliza wenye pikapu pia. Gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978 haliuzwi kwa kilo.

Seremala wa Chumbageni (Tanga)

Asanteni sana wote. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilifuata maneno yenu, na ni wiki ya saba sasa.

Nimeosha siku tano. Maji ya kwanza niliyakinga kwenye beseni nikayaonja kwa ncha ya ulimi, yana chumvi hadi leo. Chini ya kioo nimetoa nusu ndoo ya majani na udongo, na ndani yake mmea ulikuwa umeota. Vitundu vya milango vilikuwa vimezibwa na rangi ya zamani.

Mashine ya MIG nimeikodi kwa jirani anayetengeneza vitanda. Nimeharibu shiti nzima kwa mazoezi, kipande cha thelathini na mbili ndicho kilichopinda bila kuachia. Sakafu pande zote mbili imekwisha, nimelalisha kama dada wa Kigamboni alivyosema na ukingo nimeuelekeza nyuma.

Kizingiti cha kushoto nilikifungua juzi. Mzee wa Makadara, kulikuwa na simenti ndani. Simenti, na chini yake gazeti lililokunjwa, na kipande kimoja kinasomeka Oktoba 1994. Baba alikumbuka: alilipeleka mahali mwaka huo, akalipa, akaambiwa limepona. Alikishika kile kipande cha gazeti muda mrefu bila kusema neno. Bati la ndani limeliwa sentimita 40 chini ya nguzo ya katikati, na lile la kuimarisha lililo katikati ya mawili limebaki kama wavu. Skwea paipu nimeshaziweka kabla ya kukata. Swali: nianze la ndani au la katikati, na nguzo ya mlango nifanyeje ikiwa mguu wake nao umeoza kama sentimita 6?

Fundi Mstaafu (Makadara, Mombasa)

Mpe pole mzee wako, mwambie imetoka kwa fundi pia. Aliyetia simenti ile alijua anachokifanya: simenti inakaa na unyevu, na bati lililoigusa ndilo limekwisha kwanza.

Anza ndani uje nje, siku zote. Kwanza mguu wa nguzo, kwa geji 18, kingo zikutane, kwa sababu bati la ndani litashikilia hapo. Kabla hujaukata, chomelea chuma cha L kutoka kwenye nguzo, juu ya palipooza, hadi kwenye sakafu yako mpya, ili nguzo isiteremke hata unywele. Kisha bati la ndani, kisha la kuimarisha, ulipake epoksi pande zote na kuacha wazi kingo za kuchomelea tu, halafu la nje. Kabla ya kulifunga la nje, piga picha ndani, na toboa vitundu vya maji vya milimita 8 kwenye sehemu ya chini kabisa, kimoja mbele, kimoja katikati, kimoja nyuma. Rudisha mlango upime baada ya kila tabaka. Ukiona pengo limebadilika zaidi ya milimita moja simama, usisonge mbele, niandikie.

Seremala wa Chumbageni (Tanga)

Mguu wa nguzo umekwisha, la ndani limekwisha, la katikati nimelimaliza jana saa kumi na kulipaka. La nje limeshikwa kwa nukta ishirini na sita, sijaanza kujaza. Nilirudisha mlango wa mbele leo asubuhi: milimita 5 juu, 5 katikati, 5 na nusu chini. Kwenye karatasi yangu ya kwanza ilikuwa 5, 5, 5. Baba alitaka kuufunga mwenyewe, akausukuma kwa kidole kimoja, ukaingia.

Naendelea kujaza kesho umande ukikauka. Upande wa kulia naufungua mwezi ujao, nimeshanunua nta kilo mbili.